Mistari ya Ukungu Niliyoifuta

Asubuhi ukungu hupanda Lushoto kutoka mabondeni. Humeza kwanza mashamba ya kabichi, kisha mabati, kisha antena yetu, mpaka nabaki na sauti za majogoo nisiowaona.

Antena ile ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa mboga. Miaka ile ya soko huria kampuni za simu zilikuwa zinagombania miji, huku mlimani hazijafika, kwa hiyo walichanga wakajijengea mtandao wao. Fundi nilikuwa mimi. Sikusomea, nilijifunza kwa kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, na kila siku niliogopa kwamba jambo nisilolijua limo kwenye kurasa zile.

Kisha watafiti wa chuo wakaomba kufanya majaribio yao kwenye mtandao huohuo, sisi tukiendelea kuutumia. Kwa kubadilishana, wakaipa zahanati ya upande wa Kifungilo antena ya kuazima, nayo ikaunganishwa na mtandao wetu. Kazi yangu ilikuwa kuwatumia kumbukumbu kila Ijumaa: kila nusu saa mstari mmoja, unaoonyesha mawimbi yamefika kwa nguvu gani.

Penye ukungu mistari ilikuja na sifuri. Niliziona kama alama zangu za mtihani. Niliamini nimekaza vibaya viungio vya waya, nikaifuta mistari hiyo kabla ya kuwatumia. Nilifanya hivyo miezi minne.

Mtafiti mkuu, dada mwenye sauti ya taratibu, akaja kutuaga. Alisema mtandao wetu haukatiki, hapa hakuna cha kujifunza, hivyo watahamisha vifaa vyote, pamoja na antena ya zahanati. Muuguzi wa zahanati, aliyekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa.

Mama mwenyekiti wa kikundi chetu aliacha kumenya njegere. "Haukatiki? Mwanangu, huo ukiona ukungu unajifunika shuka kuliko mume wangu."

Watu wakacheka. Masikio yangu yaliwaka. Ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa namtazama muuguzi.

"Nilizifuta mimi," nikasema. "Nilidhani nimefunga vibaya."

Dada akauliza ni miti gani iko kati ya antena na antena. Nikamwambia mikaratusi.

"Hukufunga vibaya. Majani yakilowa yanakunywa mawimbi. Hizo sifuri ndizo tulizozifuata huku."

Hakutabasamu. Alisema miezi minne hairudi. Akatupa msimu mmoja wa mvua: antena ya zahanati ibaki, nianze upya, na mama mwenyekiti aione mistari yote kabla sijaituma. Mama akajibu kwamba kusoma kunampa shida, ila sifuri anaijua.

Kesho yake ukungu ulikuja mapema. Nilitazama sifuri ya kwanza ikijiandika, halafu ya pili. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, nikaukalia mkono. Nje mlima wote ulikuwa umeondoka. Ikaja ya tatu.