Majibu ya Maji

Kisima chenyewe kiko kaskazini mwa Gongoni, ndani kidogo, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki ukiacha barabara ya lami. Nilifika hapo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi ya maji. Nilibeba chupa ndogo za plastiki ndani ya boksi la barafu, daftari, na barua ya chuo yenye muhuri. Mwenye kisima alikuwa mama mjane wa makamo, mnene, mzito wa kucheka. Barua hakuitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu. Nasoma chuo kikuu. Naomba kupima maji ya kisima chako, pamoja na vingine kumi vya huku, nijue yana chumvi kiasi gani."

"Kama ni chumvi, hata ulimi unaijua," alisema. "Mimi nataka kujua yanatudhuru ama hayatudhuru. Utaniambia?"

"Nitakuletea majibu mimi mwenyewe."

Alivuta maji kwa mikono yake. Ndoo ya kwanza aliimwaga, akasema ina vumbi la usiku. Ya pili akanishikia nijaze chupa zangu. Kisima kile kilichimbwa na marehemu mumewe, na nyumba kama ishirini za jirani zilikuwa zikiteka hapo. Aliniambia ana presha, na dawa hupata kwenye zahanati siku zikiwapo. Nilirudi mara nne katika miezi minne, na kila mara nilikuta ameniwekea muhogo wa kuchemsha chini ya sufuria iliyofunikwa. Mara ya mwisho aliomba namba yangu ya simu, nami nikachukua yake. Nikaihifadhi kwa jina la Mama wa Kisima.

Vipimo vilitoka vibaya. Chumvi ya kisima chake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa kwa maji ya kunywa. Kwenye tasnifu niliandika kwamba maji hayo huenda yakawadhuru wenye maradhi ya presha na ya figo. Msimamizi wangu alilipenda lile neno huenda. Alisema linaonyesha uangalifu.

Nikahitimu. Mama yangu alifunga safari kutoka Malindi kuja kuniona nimevaa joho, na picha ile akaitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili kila mgeni aanze na hiyo. Mimi niliporudi nyumbani nilidhani nitakaa wiki chache tu. Nilikwishapanga kwamba kazi ya kwanza nitakayopata, iwe ya kaunti au ya shirika, nitapanda gari la ofisi niende kule kisimani na karatasi yenye nembo, nimsomee yule mama majibu yake. Niliiona siku hiyo waziwazi. Nilijua hata viatu nitakavyovaa.

Kazi haikuja. Niliandika barua za maombi mpaka nikawa naziandika bila kufikiri. Mahojiano nilipata mawili. Ya kwanza yalikuwa mjini Kilifi, na bwana aliyeketi katikati ya meza aliniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi. Nikasema nimetumia miezi minne uwandani. Akasema, "Hiyo ni shule." Ya pili yalikuwa ya nafasi ya msaidizi wa maabara. Pale waliniambia nimesoma mno, nitawakimbia nikipata pazuri. Nikatoka nikakaa Kibarani kwa rafiki niliyesoma naye, siku mbili, kwa sababu sikutaka kurudi nyumbani na uso ule. Rafiki ndiye aliyenishauri.

"Futa hiyo shahada ya pili kwenye wasifu wako," alisema. "Bakisha ya kwanza. Mimi ndivyo nilivyofanya."

Nikaifuta. Nilibonyeza mara moja, na miaka miwili ikaondoka kwenye karatasi. Visima vyote kumi na kimoja nilivyopima viliondoka nayo. Nakumbuka niliitazama nafasi nyeupe iliyobaki, nikapandisha mistari ya chini ili isionekane.

Mjomba wangu ana duka la fotokopi Malindi, karibu na hospitali. Akaniambia nikae pale nimsaidie huku nikingoja. Nikawa nachapa barua za watu, naprinti vyeti, najaza fomu za wasiojua kompyuta. Vijana walikuja niwatengenezee maombi ya kazi, na baadhi yao wakaitwa.

Na wakati huo wote yule mama alikuwa akinipigia simu.

"Mwanangu, hujambo? Yale majibu ya maji yametoka?"

"Bado kidogo, mama. Nangoja barua."

Hakukuwa na barua niliyokuwa nangoja. Majibu yalikuwa kabatini kwangu, ukurasa wa themanini na tatu. Lakini ningeendaje? Ningefika na nini? Nilikwisha kumwambia kwamba mimi ni mtu wa chuo kikuu, na sasa ningeshuka kwenye pikipiki kama mtu yeyote, sina ofisi, sina nembo, nimwambie maji aliyochimbiwa na mumewe si ya kunywa, halafu nirudi zangu kwenye fotokopi. Nikajiambia nikipata kazi tu. Kila alipopiga nilijiambia hivyo.

Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akisema haya mwanangu, Mungu akufanyie wepesi, kisha anakata. Mara ya mwisho simu ililia mchana, dukani kuna foleni. Nikaona jina. Nikaigeuza kifudifudi, ikatetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza.

Baada ya hapo hakupiga tena. Nilipaswa kupata nafuu, lakini nilianza kumwona. Niko sokoni, naona mgongo mpana mbele yangu, leso imefungwa vilevile, fundo kubwa kwapani. Nasimama. Mwenyewe anageuka, ni mtu mwingine. Ilinitokea kwenye foleni ya benki, ilinitokea mlangoni mwa duka la dawa. Siku moja nilimfuata mwanamke mpaka karibu na msikiti wa Ijumaa ndipo nikajishtukia. Mama yangu aliona siko sawa. Akadhani ni mambo ya kazi, akaniombea dua, nami nikaitikia amina.

Asubuhi moja aliingia dukani binti wa rika langu, amevaa sare ya hoteli, macho yamevimba. Alitoka hospitalini, alikuwa akishughulikia mwili wa mama yake. Alitaka programu ya mazishi. Alinipa karatasi mbili za daftari zilizoandikwa kwa kalamu na picha ndogo ya pasipoti.

Picha niliiona kwanza.

Nilimwomba aketi, nikaanza kuchapa. Marehemu alizaliwa, marehemu aliolewa, marehemu alijaliwa watoto watatu. Marehemu alikuwa mama mkarimu aliyewapa majirani zake maji. Marehemu aliugua figo kwa muda, akalazwa, Bwana akamwita. Nilikuwa nachapa na vidole vinakosa herufi, narudi, nasahihisha. Nikaiskani picha na kuikuza, na uso wake ukajaa kwenye kioo cha kompyuta, ukinitazama kwa utulivu uleule wa siku niliyomwambia nitaleta majibu mwenyewe.

"Pole sana," nilisema. "Aliugua muda mrefu?"

"Mimi niko kazini Watamu, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa akivimba miguu tu, anasema ni uchovu. Daktari anasema presha ilikuwa imeshaharibu figo zamani."

"Alisema chanzo?"

Akanitazama. "Presha," alisema tena. "Kwani kuna nini?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Nikamchapia nakala alizotaka, nikamkunjia moja moja. Alishukuru akaondoka. Nilijiinamia chini ya meza nikijifanya natafuta karatasi, na mjomba akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ilipita kama wiki mbili. Nilikuwa nakula mahamri na mbaazi nyuma ya duka wakati simu ilipolia, na jina lililotokea lilikuwa Mama wa Kisima.

Sijui namna ya kueleza ile baridi. Programu yake niliichapa mimi. Siku ya kuzikwa kwake naijua, niliiandika kwa herufi nzito. Na simu ilikuwa ikilia mkononi mwangu, jua kali, watu wanapita. Safari hii niliipokea. Sikuthubutu kuanza mimi.

"Halo," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya binti yake. "Samahani. Natumia laini ya marehemu mama yangu. Nawapigia aliokuwa akiwapigia, nisije nikaacha mtu bila habari. Wewe amekuandika Msomi wa Maji. Amekupigia mara nyingi sana. Ni nani mwenzangu?"

Ningeweza kusema amekosea namba. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikamwambia ukweli: kwamba mimi ndiye niliyemchapia programu ya mazishi, kwamba niliyapima maji ya mama yake nikamwahidi majibu, kwamba majibu ninayo mwaka mzima na zaidi, na kwamba si mazuri.

Nikasikia jogoo kwao.

"Maji ndiyo yaliyomuua?"

"Sijui. Hakuna wa kujua sasa. Mtu mwenye presha hafai kunywa maji yenye chumvi ile. Zaidi ya hapo sijui, na kama nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Njoo useme hayo hapa," alisema. "Usiniambie mimi kwa simu."

Nilikwenda siku iliyofuata. Sikuwa na nembo. Nilikuwa na tasnifu kwenye mfuko wa nailoni na karatasi moja niliyoiandika kwa Kiswahili cha kawaida, kila kisima na kiasi chake cha chumvi. Kaburi lilikuwa bado udongo mbichi, nyuma ya nyumba. Binti alinipeleka kaburini kwanza, akasimama pembeni akaniacha. Nilisema shikamoo, kimyakimya, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kumwanza.

Kisimani walikuwa wamekusanyika wanawake kama kumi na watano, na ndoo zao. Nikawasomea. Nilieleza kwamba chumvi hii imo ardhini kwa sababu ya ukaribu wa bahari, si kosa la aliyechimba wala la anayeteka. Nikasema kufulia na kuogea hakuna neno, ila kunywa na kupikia hapana, na hasa wenye presha, wajawazito na watoto wachanga. Walisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza, "Haya umeyajua lini?"

Nikamwambia.

"Na ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa nangoja kupata kazi."

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha asiyoijua.

"Sisi hatukukuuliza kama una kazi," alisema.

Wakaniuliza basi ni kisima kipi kizuri. Katika vile kumi na kimoja viwili vilikuwa salama, na kimoja kilikuwa mwendo wa dakika arobaini, juu, upande wa njia inayokwenda Marafa. Hawakulalamika. Walianza kupanga papo hapo nani atakwenda lini na punda wa nani. Binti wa marehemu alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Nitaona," akanipa mkono.

Wiki zilizofuata nilivizungukia visima vingine vyote, nikaacha karatasi kwa kila mwenye kisima. Wengine walinikaribisha. Mmoja alinifukuza, akasema nataka kumvunjia jina. Karatasi mojawapo ilimfikia afisa wa maji wa eneo hilo, akauliza imetoka wapi, akanitafuta dukani kwa mjomba. Miezi mitano baadaye nilipewa mkataba wa kupima visima vya vijiji vya huko ndani. Kwenye fomu ya ajira nilirudisha shahada yangu mahali pake. Mkono ulisita, kana kwamba naandika jina la mtu niliyewahi kumkana.

Mkataba umeshaongezwa mara mbili. Mama yangu husema dua imejibiwa, na mimi simpingi. Gari la ofisi nilipanda, na karatasi zangu zina nembo. Binti wa marehemu hunitumia ujumbe mara mojamoja kuuliza habari za maji ya huku na kule. Hajawahi kuniambia ameona nini katika lile nitaona lake, nami siulizi.

Ila nimebaki na mazoea ambayo watu wameshaanza kuyaona. Nikikaribishwa maji nyumbani kwa mtu, siwezi kuyanywa mara moja. Nayagusa kwanza kwa ncha ya ulimi, nayashikilia, nasikiliza. Mama yangu hunikanya. Husema wenyeji wataniona najidai, kwamba kusoma kumenitia kiburi. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye arusi huko Shela, nikapewa glasi, na mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama maji yana kasoro.

Nikasema hayana. Nikayanywa yote, huku ananitazama.