Aliyekunywa Bila Kugusa Chupa

Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka kanisani Mesaimeer hapa Doha, ambako ibada yetu ni Ijumaa, Biblia kwapani, natafuta kivuli, simu iliponiletea habari kwamba mzee wangu wa Kerala amefariki dunia. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo sitamtaja. Ndiye yule Mhindi niliyelinda naye geti la ghala moja Al Rayyan kwa miaka saba, aliyejifunza Kiswahili kwetu Wakenya akakichanganya na Kiarabu cha Ghuba bila kumwomba mtu ruhusa. Nililia pale pale, kisha nikacheka kwa sauti, na mama mmoja Mganda aliyesimama karibu akamvuta mtoto wake kando.

Nilicheka kwa sababu ya chupa. Joto la geti lile halikuwa na adabu, na siku yangu ya kwanza kazini tulipewa chupa moja kubwa ya maji, ya wote wawili. Mimi nilitia mdomo nikanywa kama nilivyolelewa, nikampa. Aliitazama, akaiweka chini, akashinda na kiu mpaka zamu ikaisha. Kesho yake akaja na chupa yake. Aliinua kichwa, akaachama, akamimina maji kutoka juu, karibu shibiri nzima, yakaingia kooni bila tone kupotea. Kwetu Busia wazee huzunguka chungu kimoja cha pombe ya busaa, kila mmoja na mrija wake, na anayekataa kunywa na wewe amekwambia jambo zito. Basi nikajua: bwana huyu ananiona mchafu. Tuligawana sabuni, chaja na siri za nyumbani, lakini kwa miaka minne neno hilo lilinikaa rohoni, na sikumuuliza.

Likizo moja akanialika kwao. Niliaga watu kwamba nakwenda kutalii ziwa la kwao Kerala. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuchunguza. Mimi nimekua na Ziwa Victoria, ambako ziwa lina mahali pake na watu wana pao. Kwao mpaka huo haupo. Mashamba ya mpunga yako chini kuliko maji, watoto huenda shule kwa boti, mama anaosha sufuria mlangoni na ziwa linapita hapo hapo, na bata mamia kwa mamia huchungwa na mtu mwenye fimbo ndani ya mtumbwi, kama ng'ombe wetu. Nilimwona mchungaji mmoja akiwatukana bata wake kwa uchungu, nikakumbuka nyumbani.

Mchana alinipeleka na kaka zake kwenye kilabu cha mnazi kando ya maji. Samaki aliletwa na pilipili ya kumtoa mtu machozi, na mnazi ukaja ndani ya jagi la chuma lililozunguka meza. Kila mmoja alimimina kutoka juu, hakuna aliyeligusa kwa mdomo, ndugu wa tumbo moja wale! Jagi likanifikia. Kilabu kizima kikageuka kunitazama. Nikainua kichwa, nikamimina, na mnazi ukaingia puani, sikioni na ndani ya shati, kila mahali isipokuwa kooni. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Nyumbani pia hunywa hivi?" nilimuuliza rafiki yangu, nikijipangusa. "Hata na mama yako?"

"Mama zaidi! Wewe weka mdomo, halafu pa mama mabaki yako? Haram, ndugu."

"Na chupa ya getini?"

"Wewe gusa, mimi nyamaza. Mimi sema, wewe sikia vibaya. Mafi mushkil, hapana shida, mimi leta yangu."

Kwa kunyamaza na kuleta chupa yake aliona ananistahi, nami nikaona ananibagua. Nilimweleza habari ya chungu chetu. Akashika kichwa.

"Watu kumi, chungu moja?"

"Kila mtu ana mrija wake," nilijitetea.

"Na mrija yote naenda wapi?"



Mwaka wa saba ugonjwa wa kifua ulimzidi, kazi ikamshinda, nikamsindikiza uwanja wa ndege arudi kwao moja kwa moja. Nilikuwa na chupa niliyokwisha kuinywa nusu. Aliichukua mkononi mwangu, akatia mdomo, akanywa taratibu, akanirudishia bila kuifuta. "Chungu," akasema, "kama kwenu." Nilinywa yaliyobaki mbele yake na sikuona haya kulia.

Hapa Doha tunaishi chumba kimoja watu wa nchi nne, na kila siku tunahukumiana kwa namna mtu anavyokula, anavyooga, anavyosalimia. Miaka minne nilibeba kinyongo ambacho swali moja lingekimaliza. Ulizeni, jamani, wenzenu wangali hai. Ijumaa ile nilinunua chupa ya maji, nikainua kichwa, nikamimina kutoka juu kwa heshima yake, nikalowesha tai na Biblia. Nusu iliyobaki niliinywa kwa kutia mdomo, kama alivyokunywa yeye siku ile uwanja wa ndege.