Barua Iliyosubiri Diwali Iishe

Nakumbuka asubuhi moja nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili, ng'ambo ya mahakama za Makadara. Ndani, wakili alikuwa anaandaa kiapo changu. Nilikuwa karibu kuapa uongo, mwanangu, na nilijua ni uongo.

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha masufuria kilichopakana na mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nairobi, tukimwita Mzee Kanti. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, alibariki vitabu vipya vya hesabu: anavipanga mezani, anavitia alama nyekundu, kisha sote tunagawiwa mithai, vile vitamu vya Kihindi. Na alikuwa na sharti moja: "Wiki hii sitaki barua mbaya mezani kwangu."

Basi katikati ya wiki hiyo ikaja bahasha ya watu wa kodi. Walikuwa wametukadiria kodi ya kumeza kiwanda kizima, na ukitaka kupinga, pingamizi lifike kwao ndani ya siku thelathini tangu uipokee barua. Mimi nikaitia kwenye droo, chini ya leso yangu. Nilijiona binti mwenye adabu, ala! Siku nane baadaye nikaitoa, nikageuza namba za muhuri wa kupokelea barua, nikagonga tarehe ya siku hiyo, isijulikane niliificha. Mzee Kanti akahesabu siku zake kwa muhuri wangu. Pingamizi lilipofika, watu wa kodi wakalikataa: mmechelewa.

Tukakata rufaa kwenye baraza la kodi. Tukishindwa kwa kuchelewa, hakuna ambaye angetusikiliza tena tukihoji kama kodi yenyewe ni ya haki. Kiwanda kingefungwa, na nusu ya majirani zangu walikuwa wanakula kwa masufuria hayo. Wakili akaniambia niape barua ilifika lini. Yeye na Mzee Kanti waliuamini muhuri.

Aliyejua ukweli ni mmoja tu, Mzee Musyoka, tarishi wetu, aliyeipokea barua getini. Asubuhi ile alikaa kando yangu, kofia magotini.

"Utashika Biblia useme nini, msichana wangu?"

"Vile muhuri unasema."

"Muhuri hauna mdomo. Atakayesema ni wewe."

"Mzee, watu watakosa kazi! Hata wewe!"

"Hata mimi," akasema. "Lakini mficha uchi hazai."

Wee, nilikasirika! Nilitamani kumwambia akalale na methali zake. Mlango ukafunguka, nikaitwa, naye akanifuata, akasimama nyuma ya kiti changu. Mzee Kanti alikuwa ndani. Wakili akanipa kalamu. Nilikaa nayo hivi, hewani, mpaka wakili akakohoa.

"Siwezi," nikasema. "Hiyo tarehe si ya kweli." Nikamwaga yote, na machozi juu.

Wakili akapiga meza. "Mbona hukusema mapema?" Nikangoja nifukuzwe. Mzee Kanti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Aliyekataza barua mbaya ni mimi," akasema.

Wakili akavuta faili kwa hasira. Alikuwa msomaji wa hukumu za kodi za mahakama za India, maana sheria zao na zetu zilipikwa chungu kimoja na Mwingereza. Akatuambia baraza letu halifungwi nazo, ila huzisikiliza. Na huko wamewahi kuamua kwamba aliyechelewa akieleza sababu kwa unyoofu anaweza kusamehewa. Anayekuja na ujanja haonewi huruma. Kiapo kikaandikwa upya.

Mbele ya baraza nilieleza Diwali, droo, leso na muhuri. Nilipomaliza, wakili wa watu wa kodi akasimama na daftari la aliyetuletea barua. Sahihi ya Mzee Musyoka ilikuwa pale, na tarehe ya kweli kando yake, safi kabisa. Ningeapa uongo, siku ile nisingelala kwetu.

Baraza likatusamehe siku zile, likaamuru pingamizi letu lisikilizwe. Kodi yenyewe tulikuja kushinda nusu, nusu tukalipa, na kiwanda hakikufungwa.

Siku ya uamuzi nilimshika Mzee Musyoka shati pale nje. "Ulitia sahihi daftari lile! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema kweli kwa kuogopa daftari."

"Na kama ningetia sahihi?"

"Kwani nilisimama nyuma yako kufanya nini? Ningekushika mkono."

Nilicheka na kulia pamoja, watu wakinitazama.

Diwali iliyofuata, Mzee Kanti alipopanga vitabu vyake, aliniomba muhuri. Akauweka juu ya kitabu cha kwanza, akautia alama nyekundu kama vitabu vyenyewe.

Sasa na wewe umeajiriwa, mwanangu, barua zenu zinaingia kwenye kompyuta, lakini mkubwa asiyetaka habari mbaya bado yupo. Mpelekee siku hiyo hiyo, hata akinuna. Ukiwa umekosea, sema kabla hujaulizwa, na usingoje kujua kama kuna daftari. Na ukimwona mdogo wako ameshika kalamu ya uongo, usimseme ukiwa mbali. Simama nyuma ya kiti chake.

Mungu akupe ulimi mnyoofu, na mzee wa kukushika mkono. Nenda kazini, usichelewe.