Kikombe cha Mama Wankyo

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nilipokuona unapaka rangi nyeusi ndani ya sanduku lako la jua, nimeshindwa kunyamaza.

Nilikuwa fundi bati pale Mwigobero, kijana mwenye sifa nyingi kuliko kazi. Upande wa Bunda kulikuwa na mjane, Mama Wankyo. Alikuwa na presha, daktari amemkataza chumvi, na kisima chao ni cha maji ya chumvi. Nikamwahidi mtambo: sanduku la bati jeusi lenye kioo juu. Jua lipashe hewa moto, hewa ipite juu ya maji ya kisima na kubeba mvuke, nao ukipoa udondoke ndooni ukiwa maji matamu.

Mzee Shabani, aliyenifundisha kazi, alinionya. "Rangi ikaangwe na jua siku saba kwanza, bila maji. Na kikombe cha kwanza anakunywaga fundi, siyo mwenye nyumba."

"Hayo ya zamani, mzee," nikamjibu. Ujana nao! Nilimaliza kupaka Ijumaa. Jumapili watu walipotoka kanisani nikamkabidhi Mama Wankyo kikombe mbele yao. Alikunywa chote, kwa kuniheshimu tu. Kabla ya jioni alikuwa anatapika. Hewa ya moto ilikuwa imebeba sumu ya rangi mpaka ndooni. Ningeonja funda moja ningejua.

Nikaanza upya. Siku saba juani, kisha nikanywa mwenyewe, siku baada ya siku. Maji yalikuwa safi kabisa. Nikampelekea.

"Sina hasira na wewe, baba," alisema, akirudisha kikombe taratibu. "Ila mimi nakunywaga ya kisima tu. Yale nayajua."

Mwaka haukuisha, presha ikamwangusha. Binti yake alikinga maji ya mtambo wangu, na ndiyo waliyomwoshea kabla ya kumzika. Nililia, mwanangu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi ni zima; aliyevunjika ni mwingine. Bati likitoboka nitaliziba, ila moyo wa mtu ukishakuogopa sina dawa yake. Kwa hiyo usimnyweshe mtu usichokionja, na usiruke hata siku moja kati ya zile saba.

Mungu akupe jua la kutosha, na subira ya kulingoja. Maji yako yawakute watu wangali wanaweza kunywa.