Soko Nililomuuzia Madam Leo

Watu wangu, leo nimeshikwa nikidanganya kazini.

Mnajua nauza safari za Uingereza hapa mtaa wa Al Mankhool, huku kwa Waarabu. Uingereza yenyewe sijawahi kukanyaga.

Asubuhi ameingia madam mmoja mzee, Mwingereza. Anataka kuwapeleka wajukuu wake mji fulani mdogo kule kwao, wenye soko la tangu enzi za wafalme.

Nikaanza. Kanisa la mawe, nyumba za kale zilizopinda. Hayo yote yako kwenye kijitabu chetu.

Halafu nikanogewa.

"Wamama wanakuita ukiwa bado mbali, madam. Ukinunua viazi unaongezewa viwili. Bei mnavutana hadi mnacheka."

Akaniangalia.

"Mimi nilizaliwa pale," akasema. "Hakuna anayemwita mtu. Na viazi haviongezwi. Hilo soko lako liko wapi?"

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema tu ukweli.

"Karatina, madam. Kenya. Mamangu anauza viazi pale."

"Basi nikatie tiketi ya huko."

Nimetafuta kwenye kompyuta. Karatina hatuuzi.

Nimempa namba ya mama.

Sasa nani yuko Karatina amwambie mama asipandishe bei akiona wazungu?