Samansi ya Kamaludin

Kamaludin, fundi wa mashua wa Matondoni, alipofariki, mkewe Israa aligawa nguo zake na zana zake za kazi, ila simu yake hakuitoa. Akiichaji kila siku. Ikilia, moyo humruka kabla akili haijakumbuka. Hugusa kioo, baruapepe ikafunguka, naye akaitazama tu. Herufi za Kizungu hakuzijua, kisomo chake kilikuwa cha chuoni, cha Kurani tu.

Mwaka uliofuata Patroba, mpeleka hati za mahakama, akaja kubandika hukumu mlangoni. Fahmi, nduguye marehemu kwa baba, aliyehamia Mombasa baada ya ugomvi, alikuwa ameidai nyumba ile na Kamaludin hakujibu kitu. Patroba alimweleza Israa kwamba siku hizi samansi, wito wa mahakama, yaweza kupelekwa kwa baruapepe, mradi anwani ni ile mtu anayoitumia na pana uthibitisho kuwa imefika. Hii ilifika. Ikasomwa pia. Patroba mwenyewe alikwisha kuapa hivyo mahakamani.

Israa akashika mwimo wa mlango. Kwa kitambo kidogo aliamini kuwa mumewe ndiye aliyeisoma.

"Ulimwona kwa mato yako?"

"Sikumwona, Bi. Barua ndiyo iliyofika."

Akaenda mahakamani kuomba hukumu itenguliwe. Mbele ya Hakimu Cherotich alitoa cheti cha kifo, akasema aliyeifungua barua ni yeye. Fahmi alikikodolea macho cheti kile kama asiyejua kusoma. Taarifa ya msiba alitumiwa, lakini kwa namba aliyokwisha kuiacha.

Hakimu alisema sheria inaikubali baruapepe, ila maiti hashtakiwi, na alama ya kusomwa haimfufui mtu. Hukumu ikatenguliwa.

Nje, Fahmi alimfuata Israa ukutani alikosimama.

"Shemeji, kabla ya samansi nilimwandikia mwenyewe. Nilimtaka radhi. Kila barua ilionyesha imesomwa, nami nangoja jibu. Nikaona amenidharau, ndipo nikashtaki."

Israa akakificha ndani ya buibui kiganja kilichokuwa kikigusa kioo cha simu.

Nyumba Fahmi hakuidai tena. Aliomba tu aonyeshwe kaburi, na Israa akampeleka hadi ukingoni mwa makaburi. Fahmi akasogea, akatoa salamu, kisha akakiinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza jibu. Israa naye akajikuta amezuia pumzi.