Lango Alilolichomelea Mwanangu

Mimi sikuomba kuandika. Katibu wa chama chetu cha afya cha mtaa, binti anayetembea upesi kama ameacha chungu motoni, ndiye aliyeniletea karatasi na kalamu. "Bibi, kijitabu chetu cha mwaka huu kinataka maisha ya mtu wa kawaida. Tuandikie ya mwanao." Nikamwambia, wewe uliyesoma andika. Akasema akiandika yeye yatanuka ofisi. Haya. Shule niliiacha kabla haijanizoea, macho nayo hayanitii tena, halafu mnataka niandike kwa ufupi na mwisho kuwe na funzo. Funzo sina. Anayelitaka akalitafute mwenyewe.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima humwita Cheche, hata mimi niliyemzaa nimeshazoea. Ni kitinda mimba wangu. Vyuma vya madirisha ya mtaa huu, vile vilivyopindwa kama majani, vingi ni mkono wake. Hakuwa na mchoro. Alikuwa anafumba jicho moja, anautazama ukuta, basi kishapima. Ukipitisha kidole pale alipounga chuma na chuma husikii kitu, laini kama kisogo cha mtoto. Najisifia, ndiyo. Nisipomsifu mimi nani atamsifu?

Mafundi wa kuchomelea wana imani yao, kwamba moshi wa chuma hukaa kifuani na dawa yake ni maziwa. Basi kila akizima mashine, mkewe alikuwa anamletea kikombe cha maziwa. Miaka yote ilikuwa hivyo, mpaka lilipofunguliwa duka la pombe ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na banda lake, ubavuni mwa lango la shule. Wanauza mpaka vichupa vidogo vya kuficha kiganjani. Fundi mwenzake mmoja akamwambia, "Maziwa ni ya watoto, Cheche. Moshi unaoshwa na kitu kikali." Akajaribu. Mara moja ikawa kila jioni, jioni ikasogea mpaka mchana, na mchana ukaifuata asubuhi.

Miguu ikaanza kuvimba, macho yakawa manjano, presha nayo ikapanda. Daktari akasema ini limeanza kuwa gumu. Akiacha sasa litamstahimilia, akiendelea asimtafute wa kumlaumu. Cheche alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti, akaniambia, "Mama, nikiwa hapa siikumbuki. Nikifungua banda nikainua uso, duka lile pale. Liondoeni, mimi nitaweza. Likibaki, msinidanganye na mimi nisiwadanganye."

Mtasema si angehamisha banda. Hamjui kuchomelea. Mashine ile inataka umeme wenye nguvu, na kwetu laini yenye nguvu inapita barabara ile tu. Kwenye nyaya nyingine ukiiwasha mashine, nyumba zote zinakuwa giza na matusi yanakuja kwako.

Ndipo nikaingia chama. Siku ya kwanza wakatufundisha habari za magonjwa yasiyoambukiza: presha, kisukari, ini, moyo. Nikanyoosha mkono. "Kama hayaambukizi, mbona kwangu anaumwa mmoja na tumekonda wote?" Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Akaniambia, "Bibi, hilo utalisema kwenye baraza la madiwani." Nikalisema. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi za kuliondoa duka, tukakaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka nyonga zikagoma, na siku ya kikao nikasimama mbele ya madiwani. Mmoja wao, ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake, akanijibu, "Mama, kunywa ni hiari. Hakuna anayefungwa kamba akaburutwa dukani."

"Baba," nikamwambia, "kamba ya mwanangu huioni kwa sababu hukumzaa."

Katibu akaikamata hoja hapo hapo. Akasema mtu mzima ana hiari, sawa, je, watoto wanaotoka darasani wakakanyaga chupa? Mwisho wakapitisha sheria ndogo: duka la pombe lisiwe karibu na lango la shule, na umbali ukatajwa. Habari ya lango tuliitia sisi wenyewe, maana hapo ndipo watoto wanapomiminika. Mwenye duka akapewa mpaka shule zifungwe awe amehama. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi wa baraza akatutoa nje.

Nilipompa Cheche habari akasema, "Mama mkorofi wewe." Kesho yake aliamka akaosha banda.

Na kazi ikaja kama iliyoitwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. "Fundi, nataka lango jipya. La gari kubwa, na ndani yake mlango mdogo wa watoto. Mfadhili amepatikana."

"Mfadhili nani?" nikauliza.

"Mama nawe!" Cheche akanikata. "Mtu kapewa kazi, unauliza ya nani?"

Nani angeendelea kuuliza, mtoto anapoinuka?

Siku zile zote hakuonja. Naapa. Mikono ilikuwa inatetemeka asubuhi, anaibana kwapani mpaka itulie, halafu anashika kazi. Miguu ikapungua. Mkewe akarudisha kikombe cha maziwa, na nilimsikia akiimba akifua, jambo nililokuwa nimelisahau. Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi, sina aibu. "Shika hapo, mama. Fumba macho, usitikisike."

"Nilikuzaa bila kutikisika, nitatikiswa na bomba?"

Lilikuwa lango, jamani. Juu alitia nyota ya nondo, na bawaba alizitengeneza nene kama mkono wangu. "Hizi," akasema, "hata tembo akiegemea, atachoka yeye."

Siku ya kulitia wakalipakia kwenye mkokoteni, mimi nikafuata nyuma kama nimesindikiza bibi harusi. Tukafika shuleni. Mkokoteni ukapita. Nikapaza sauti, "Nyie, mmepita!"

Mwalimu mkuu akasema, "Linakwenda upande wa nyuma, bibi. Uwanjani. Huku tunaziba."

Nikageuka. Kweli, kwenye lango la zamani waashi walikuwa wanapanga matofali, na mwenye duka amesimama nao anawagawia soda. Akaniamkia kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mama. Fundi wako kafanya kazi safi. Sijutii kumlipia." Bado sikuelewa. Nikamwitikia marahaba na njiani nikaona fahari.

Nilielewa alipokuja bwana afya na futi kamba. Alianzia wapi? Kwenye lango la mwanangu. Akaufuata uzio, akapinda kona, akapinda nyingine, anavuta kamba ile kama anayeanika nguo, mpaka mlangoni mwa duka. Akaandika. Umbali umezidi. Duka halali.

"Watoto ni wale wale!" katibu akamwambia. "Duka ni lile lile! Wamehamisha shule kwa kuziba lango?"

"Dada, nimetumwa kupima kutoka langoni. Lango si lile pale? Au mnataka nipime kutoka ukutani?"

Cheche alikuwa amesimama mbele ya banda, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso. Alisikia yote. Aliizima mashine, akavuka barabara. Nilimwita. Nilimwita kwa jina nililompa mimi, lile lisilotumiwa na mtu. Hakugeuka.

Na watoto? Nyumba zao ziko upande huu. Wanatokea kwenye lango la nyota, wanauzunguka uzio kwenye jua, halafu wanapita mbele ya duka vile vile, ila sasa wana kiu.

Wiki ile ile, asubuhi, alichukua msumeno wa chuma akaenda shuleni. Nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti kwenye bawaba ya chini, anakata. Mlinzi akamwambia, "Fundi, unaharibu mali ya shule."

"Naharibu mali yangu."

Alikata kidogo akapumzika, akakata kidogo, mkono ukaruka kwenye chuma kama wa mtu anayepiga ngoma asiyoijua. Rangi ilichubuka, chuma hakikusikia. Akakaa chini, anahema, akaanza kucheka. "Mama, hii kazi nzuri. Haikatiki."

Nikauchukua msumeno nikakata mimi. Nilikata kwa hasira za miaka yangu yote. Mlinzi hakunizuia. Alinitazama, akaingia kibandani mwake, akatoka na kigoda, akaniwekea ili nisichoke. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia. Mtu anayekuogopa hakuletei kigoda.

Sasa Cheche yuko nyumbani, kitandani. Tumbo limejaa maji, hospitali wanayatoa, yanarudi. Mkewe humgeuza ubavu huu na ubavu ule. Daktari hazungumzi tena habari ya ini kumstahimilia. Anasema tumpe chakula laini. Hata hivyo akipata nguvu kidogo anatuma mtu kwa siri, na kichupa kinakuja, na mimi nakiona na sijui nifanye nini. Nimefunga mlango, nimelia, nimemwaga, nimempiga kibao mwanaume mwenye mvi. Anasema, "Si nilikuambia, mama?"

Alinambia.

Chama kimepeleka pingamizi. Baraza limeahirisha, likaahirisha tena. Diwani wa tumbo amesema sheria tuliiomba wenyewe na imefuatwa. Katibu anataka waandike upya, umbali upimwe kutoka uzio wowote wa shule, si kutoka langoni. Ni neno dogo la kuandika na wangelimaliza kabla ya chai. Kila nikienda nasimama nasema yale yale, na siku hizi nikisimama wanatoa simu zao. Wamenizoea. Katibu naye wamemzoea. Sisi ni kama feni la ukumbini, tunazunguka hakuna anayetutazama.

Kwa hiyo wewe uliyeshika kijitabu hiki, usiniletee pole. Pole ninazo, nyumba imejaa. Muulize katibu kikao kijacho ni siku gani. Asubuhi yake pitia kwanza barabarani kwetu watoto wanapoingia shule, uone kwa macho yako wanapita wapi. Halafu ingia barazani, nyoosha mkono, useme ulichokiona. Huhitaji kusema vizuri. Ilete tu hiyo sura yako, wao hawajaizoea.